Bibi Harusi wa Kwenye Rafu

Aliingia dukani kama mteja, na hilo ndilo lililoniua. Angeingia amekunja ndita, au amekuja kunitukana, ningejua pa kuanzia. Lakini yeye alisukuma mlango wa kioo taratibu, akasimama juu ya zulia, akasema, "Habari za kazi. Natafuta kamera ya mtumba, ya safari. Isiwe ya bei kubwa."

Eti habari za kazi. Mtu aliyekuwa akiniita Fundi wangu mpaka majirani wakachoka, mtu ambaye wazee wa pande zote mbili walishakaa kwa ajili yetu wakakubaliana, leo ananisalimia kama aliyeshuka kwenye basi sasa hivi akaona kibao chetu. Nilishika ukingo wa meza ya kioo nisije nikaanguka mbele yake, maana hiyo raha sikutaka kumpa.

Nikamjibu, "Nzuri. Karibu, mteja."

Aliinama kidogo. Nikajua limemwingia, na badala ya kufurahi nikajisikia vibaya zaidi.

Duka ni la mjomba wangu, kaka yake mama. Tunauza kamera zilizotumika. Tunazinunua kwa wapiga picha wa harusi waliochoka na kazi, na kwa watu waliorithi vitu wasivyovijua. Mimi nazifungua, nazisafisha na kuzipanga kabatini. Huyu aliyeingia ni mpimaji ardhi. Mara ya kwanza alikuja kuuliza kama naweza kusafisha lenzi ya chombo chake cha kupimia viwanja. Nikamwambia hapa ni duka la kamera, si karakana ya serikali. Akacheka, akaenda zake, kesho yake akarudi bila chombo chochote. Akarudi tena na tena, mpaka Mjomba akamwambia kijana, ama ununue kitu ama uoe mtu.

Akachagua kuoa. Tulishapanga mpaka fungate: tungesafiri kutoka ziwani, tupande milima, tushuke jangwani, tutembee mpaka baharini. Yeye angesoma ramani, mimi ningepiga picha. Halafu siku moja, bila ugomvi, bila hata kununiana, nikapata ujumbe kwenye simu: "Tuiache, Fundi. Huna kosa lolote. Usiniulize." Nilipiga simu haikupokelewa. Nikajivisha ujasiri nikaenda kwao. Mama yake akasimama mlangoni, akaniambia mwanawe hayupo, na viatu vyake naviona pale chini. Nilipoanza kulia, yule mama akanishika bega akasema, "Mwanangu, nenda nyumbani ukamshukuru Mungu. Iko siku utanikumbuka."

Nilimkumbuka kila siku, lakini si kwa mema. Nilijua ni yeye aliyekata kamba. Nilijua hakutaka mkwe mwenye mikono inayonuka spiriti ya kusafishia vioo.

Sasa mwanawe huyo alikuwa mbele yangu, amekonda, shati halijanyooshwa, na kesho asubuhi, kama alivyojieleza mwenyewe bila kuulizwa, alikuwa anapanda basi kwenda ziwani kuianza safari yetu. Peke yake.

Mjomba alitoka nyuma ya kaunta. Mjomba wangu ni mtu wa heshima. Hata mdeni wake humpa mkono kwanza ndipo amdai. Alimsogelea kwa ubavu, akamnyooshea mkono. Ule mkono ulibaki hewani. Mpimaji alikuwa anatazama makabati, hakugeuka, hakuugusa. Mjomba akausubiri kidogo, akaurudisha mfukoni, akaniangalia. Kisha akaingia chumba cha nyuma akinung'unika kwamba mtoto wa watu kaota mapembe.

Hapo ndipo hasira ilipokuja na kukaa. Niache mimi, sawa. Lakini Mjomba alikukosea nini?

Nikaanza kumhudumia kwa ile sauti ninayoiweka kwa wateja wasumbufu. Nikamwambia kama pesa ni kidogo asiimalizie kwenye bodi, yaani mwili wa kamera wenyewe. Achukue bodi ya zamani, iliyochubuka pembeni, ambayo wenye kiburi wanaikataa. Pesa aiweke kwenye lenzi, kwa sababu lenzi ndiyo inayoona. Ahakikishe betri zake bado zinapatikana madukani, maana kamera nzuri isiyo na betri ni tofali. Afungue na kufunga mlango wa kadi aone kama umelegea. Huko jangwani vumbi litaingia kila penye upenyo, kwa hiyo asichukue lenzi inayorefuka kwa kuvuta kama mkonga, inavuta na vumbi. Alikuwa anaitikia kwa kichwa. Nilikuwa natamani aniulize jambo moja tu lisilohusu kamera, hata kama nimekula.

Kila kamera niliyompa aliiweka jichoni, akazungusha kile kigurudumu kidogo kilichopo kando ya tundu la kuchungulia, kinachorekebisha uoni wa mtumiaji. Alikizungusha mpaka mwisho. Akarudi upande wa pili mpaka mwisho. Nilimwona. Nilidhani anavuta muda, na Mungu anisamehe, nikafurahi kwamba anavuta muda.

Alipogeuka kwenda kabati la pili alijigonga kwenye kigoda. Kile kigoda kiko pale tangu duka lifunguliwe, na yeye mwenyewe alikuwa anakikalia akinisubiri nifunge kazi.

"Mpimaji mzima," nikamwambia, "unapima milima, kigoda hukioni?"

Alipapasa goti lake, akakirudisha kigoda mahali pake taratibu sana.

Akaomba lenzi ndefu, ile ya kuvuta vitu vya mbali. Nikamfungia kwenye bodi. Nilitegemea ataielekeza dirishani kama watu wote, ajaribu maandishi ya duka la ng'ambo ya barabara. Akanielekezea mimi. Tulikuwa hatujaachana hata urefu wa meza, akarudi nyuma hadi mgongo ukagusa mlango, akaituliza kamera usoni, akaniangalia. Hakubonyeza chochote. Aliniangalia tu, muda mrefu, mpaka nikasahau mikono yangu iko wapi. Nilihisi macho yake yakinipita usoni pole pole, kwenye nyusi, kwenye mdomo, kwenye lile kovu dogo la kidevuni ambalo alizoea kulitania.

"Unapima nini?" nikamuuliza. Sauti yangu ilikuwa imeshaniangusha.

"Umbali."

"Kutoka wapi hadi wapi?"

Akaishusha kamera. Akasema hii ndefu haihitaji, ni nzito, afadhali nimtafutie ile pana ya kupigia milima. Ndipo nikafanya nilichofanya.

Dukani kwetu kuna utaratibu, na Mjomba anaulinda kuliko kufuli. Kitu cha mtumba kikishauzwa hakirudi. Kwa sababu hiyo, fundi lazima ataje kila ubovu kwa mdomo wake mwenyewe, asiache hata mkwaruzo. Mteja anachungulia, anapiga picha ukurasa wa gazeti uliobandikwa ukutani, anaikagua, kisha anasema neno moja: nimeridhika. Akishalisema mbele yetu, basi tena. Asije akarudi kesho na machozi.

Na juu ya rafu, peke yake, kuna lenzi tusiyoiuza. Ni lenzi ya mfano. Fangasi wameota ndani ya kioo chake mpaka imekuwa nyeupe, na Mjomba huitumia kuwaonyesha wateja wageni kitu cha kukikimbia. Mpimaji ndiye aliyeipa jina. Siku niliyomfundisha kumulika lenzi kwa tochi ili aone fangasi, aliimulika ile akacheka mpaka akakaa chini. "Huyu ni bibi harusi," alisema. "Amevaa shela ndani kwa ndani." Tangu siku hiyo ikawa Bibi Harusi. Alikuwa akiingia dukani anamsalimia yeye kwanza, halafu mimi, makusudi anitie wivu.

Lenzi pana nzuri ya aina ile ile ilikuwa kabatini. Ukizishika kizani huzitofautishi. Mkono wangu ulipita kabatini ukaenda kwenye rafu, ukamchukua Bibi Harusi, ukamfunga kwenye bodi. Sikutaka kumwibia. Nilitaka agombe. Nilitaka aweke jicho pale, aone shela, anigeukie aseme Fundi, unanifanyia nini, nami nipate mlango wa kumwaga yote niliyoyabeba mwezi mzima. Nilishachoka na ule upole wake. Hata tusi ningelipokea kwa mikono miwili.

Aliipokea. Akaielekeza kwenye gazeti, akapiga. Akaileta skrini karibu na pua, akaisogeza mbali, akaiinamisha huku na huku. Nikasubiri.

"Safi kabisa," akasema. "Nimeridhika."

Kwanza nilidhani ananikejeli. Nikamtazama usoni nitafute lile tabasamu la upande mmoja. Halikuwapo. Alikuwa ananyoosha mkono kuitafuta kamba ya kamera iliyolala mezani karibu na kiwiko chake, na vidole vyake vilikuwa vinapapasa kioo cha meza, vinaipita ile kamba, vinarudi, vinaipita tena.

Hapo yote yakanirudia. Nikaona kigoda. Nikaona kigurudumu kinachozungushwa mpaka mwisho. Nikauona mkono wa Mjomba ukining'inia hewani upande ambao hakugeuka.

"Nisomee kichwa cha habari," nikamwambia.

"Kipi?"

"Cha gazeti ulilopiga. Herufi kubwa kuliko zote. Nisomee."

"Fundi, nifungie tu niende."

Nilizunguka meza. Nikaichomoa ile lenzi kwenye bodi, nikakishika kiganja chake, nikaiweka humo. Ilikuwa mara ya kwanza kumgusa tangu aniache, na mkono wake ulikuwa wa baridi.

"Huyu uliyeridhika naye ni Bibi Harusi," nikasema.

Aliigeuza ile lenzi kiganjani, akaipeleka karibu na dirisha, akaiinua jichoni. Nilimwona akijaribu. Alijaribu jicho la kulia, akajaribu la kushoto. Kisha akaketi kwenye kigoda, baada ya kukipapasa kwanza, akaikumbatia ile lenzi mbovu kama mtu aliyekabidhiwa mtoto.

"Ni presha ya macho," akasema. "Ile ile ya baba."

Baba yake sikumkuta hai. Nilichokuwa najua ni kwamba alikufa kipofu, na kwamba mama mtu ndiye aliyekuwa akimshika mkono kila mahali, msalani, shambani, msibani. Mpimaji alinieleza mengine huku ameinamisha kichwa, pole pole, kama anayesoma vipimo. Alisema pembeni mwa macho kumezima kitambo, hakujua, alidhani ni uchovu. Alikuja kujua kazini, alipoanza kuandika namba vibaya, ikabaki kidogo ukuta wa mtu ujengwe shambani kwa mtu mwingine. Akaacha kazi kabla kazi haijamwacha. Sasa alikuwa anaona katikati tu, kama anayechungulia tundu la ufunguo, na hata hapo katikati kulikuwa kunaingia utusitusi. Daktari alimpa dawa za matone, akasema zinachelewesha tu, kilichokwenda hakirudi. Hakumtajia siku. Alimwambia kama kuna kitu anataka kukiona, asikiahirishe.

Nilikuwa nasikia kila neno na kila neno lilikuwa linanikata. Nilitaka kumkumbatia na nilitaka kumpiga, sijui kipi kilikuwa mbele.

"Ndiyo maana ukaniacha."

"Mama alinikalisha chini. Alisema yeye hajutii hata siku moja aliyomshika baba mkono, lakini hakuwahi kukaa mahali bila kumsikilizia. Hata usingizini alikuwa anamsikilizia. Akasema usimfanyie hivyo mtoto wa mwenzio."

Kwa hiyo hilo ndilo lililokuwa nyuma ya yale maneno ya mlangoni. Mama wa watu alikuwa ananihurumia, nami nimemlaani mwezi mzima kila nikiosha vyombo.

"Mlikaa mkaniamulia," nikamwambia. "Wewe na mama yako, mkanigawa kama kiwanja. Mwenye kiwanja hakuitwa."

"Ningekuuliza ungekubali."

"Ndiyo sababu hukuniuliza?"

"Ndiyo."

Nilienda dirishani, nikarudi. Nikamuuliza, kwa ukali kuliko nilivyokusudia, picha anazitakia nini. Mtu anayejua hatazitazama anabebea nini kamera mpaka jangwani.

"Si zangu," akasema. "Kadi zote nilikuwa nizitume hapa dukani. Mimi ningeviona vya huko mara moja, ingenitosha. Wewe ulikuwa na haki ya kuiona ile safari."

"Na kamera? Mji mzima umejaa maduka. Ulishindwa kwenda kwingine?"

Akainua uso. Akanitafuta, akanipata, nikaona kabisa lile tundu lake dogo likinifikia.

"Nilikuja kukuona, Fundi. Nilitaka nikuone vizuri mara moja. Ile lenzi ndefu ilinisaidia sana."

Nililia kama mtoto, nimesimama hapo hapo, bila kujificha. Kama kuna mteja aliyepita nje akachungulia, alipata alichokuja kuona.

Mlango wa chumba cha nyuma ulifunguliwa. Sijui Mjomba alisikia kuanzia wapi, lakini macho yake yalikuwa mekundu. Hakupita kwa ubavu safari hii. Alikuja moja kwa moja, akasimama mbele kabisa ya kile kigoda, akaushusha mkono wake mpaka usawa wa uso wa Mpimaji.

"Kijana," akasema, "tusalimiane. Muda ule tulipishana."

Mpimaji aliuona. Akasimama, akaushika kwa mikono yote miwili, akaomba radhi, na Mjomba akawa anamwambia hapana, hapana, mimi ndiye. Baadaye Mjomba akageukia meza, akaichukua ile lenzi nzuri kabatini, akaifunga kwenye bodi iliyochubuka, akaitia ndani ya mkoba bila kutaja bei. Akamkabidhi Mpimaji ule mkoba na kusema safari njema. Alisema kama mtu anayemuaga wa kwao.

Nami nikasema basi abiria ni wawili, mimi nakwenda kufungasha.

"Hapana," Mpimaji akasema. Upole wake wote ulikuwa umerudi, ule ninaouchukia. "Hicho ndicho nilichokikimbia. Leo una huruma. Mwakani utakuwa na mimi. Usiku nikiamka, unasikiliza kama nimejigonga. Unanipakulia, unaniambia nyama iko upande gani wa sahani. Nitakukosea adabu kwa sababu nina hasira na macho yangu, na wewe ndiye utakuwa karibu. Baba alikuwa hivyo, na alikuwa mtu mwema. Sitazaa na wewe mtoto ambaye sura yake sitaijua. Hiyo ndiyo hali, sijakuficha kitu tena. Niache niende."

Akajitwika mkoba begani. Akaanza kutembea kuelekea mlangoni, mkono mmoja umetangulia mbele kidogo, ishara ndogo ambayo muda wote niliidhania maringo. Kila hatua yake ilikuwa inanitoa roho. Nikajua akiuvuka ule mlango sitamwona tena, na yeye hataniona tena, na hilo la pili ndilo lisilokuwa na dawa.

Nilimkimbilia nikapita kando yake. Hakuniona nikipita. Nikasimama mlangoni, katikati, mahali ambapo lazima angenikuta.

"Umemaliza kutaja?" nikamuuliza.

"Kutaja nini?"

"Ubovu. Umetaja wote, hujaacha kitu?"

Alinielewa. Nilimwona akinielewa, akarudi nyuma hatua moja.

"Fundi, usiliseme."

"Fangasi nimeshawaona. Nimechungulia mwenyewe, hakuna aliyenidanganya."

"Usiliseme hilo neno hapa. Mjomba, mwambie. Hapa mtu akishalisema hakuna kurudisha."

Mjomba alikuwa nyuma ya kaunta, mikono juu ya meza, kama anavyokaa kila mteja anapofikia uamuzi.

"Nimeridhika," nikasema.

Mpimaji alifumba macho. Mkoba uliteleza begani ukamwangukia kwenye kiwiko, hakuuinua. Alisimama hivyo, kifua kinapanda na kushuka, machozi yanapita chini ya kope zilizofungwa. Kisha akanyoosha mkono kunigusa uso, bila kufumbua macho. Akanikosa. Vidole vyake vilipita pembeni ya shavu langu, vikabaki hewani, havijui viende wapi.

Sikumwambia niko wapi. Niliusogeza uso wangu mpaka ukafika.